Mzigo na Bega Lake (Sehemu ya Nne): Pine Nayo Ina Mtumba Wake

Tangu Desemba 2024, Rais Joe Biden wa Marekani alipofika Lobito akakaa kikao na Rais Tshisekedi wa Kongo na wenzake wa Angola na Zambia, redio hazijachoka kuitaja reli ya Lobito. Shaba itashuka kutoka Kolwezi mpaka Atlantiki, na hilo ni jema. Lakini njia hiyo ikitoka Tenke inaelekea magharibi, inashika Kolwezi na Dilolo. Sisi wa Kamina tunabaki kaskazini na mahindi yetu, na treni ikikawia, mahindi yanapanda pikapu.  Kwa hiyo leo nataka kusema juu ya pikapu na pine zake, yaani matairi.

Juzi asubuhi, kwa kwado mmoja, fundi wa pine, kwenye njia ya Kaniama, nilionyeshwa pine iliyopasuka. Meno yake yalikuwa bado marefu, karibu mapya. Ilikuwa imechanika ubavuni, mpasuko mrefu kuliko mkono wangu, nyuzi zimetoka nje kama mizizi ya muhogo uliong'olewa. Ndani mlikuwa na unga mweusi wa mpira uliosagika, laini kama masizi. Kwado aliuchota kwa kidole akasema, "Hii haikutobolewa, mwalimu. Hii imepikwa." Shofere alikuwa anamlaumu msumari.

Kuzidisha mzigo hakukuanza na pikapu. Waliosoma sehemu zilizopita wanawajua wapagazi, waliobeba mizigo ya misafara kwa mabega, na njia zao, sitarudia. Ila kuna jambo moja nililolipitia haraka mno, nalo ni kipimo. Mtumba wa nguo uliotoka pwani ulifungwa kwa akili: nguo zilikunjwa ndefu kama mto wa kulalia, zikazungushiwa mkeka, zikabanwa kwa fito na kamba mpaka mzigo ukae begani bila kukata shingo. Uzito wake ulikuwa kama frasila mbili, na frasila ni karibu kilo 16. Juu ya hapo mpagazi alibeba mkeka wake wa kulalia, chungu na posho. Ndugu zetu wa Tanzania na Kenya siku hizi wanaita mitumba nguo kuukuu za sokoni, na wengi wamesahau kwamba neno hilo lilikuwa mzigo uliokatwa kwa kipimo cha bega la mtu. Aliyeuona umezidi aliuweka chini. Mwenye msafara angeweza kufoka apendavyo, lakini wapagazi wakikataa kwa pamoja, safari ililala. Wanyamwezi walijulikana kwa hilo tangu Tabora hadi huku kwetu, ambako Msiri, mwenye asili ya huko huko, alijenga utawala wake Bunkeya kwa pembe, shaba na watumwa, mpaka alipouawa Desemba 1891. Watu wa njia hizo ndio waliotangulia kutuletea Kiswahili hiki ninachokiandika. Ingefaa watuachie na adabu yao ya mizigo.

Halafu ikaja reli. Ilifika Bukama 1918, na 1928 Mfalme Albert I wa Ubelgiji akaja kuizindua njia iliyopita Kamina mpaka Ilebo, wakati ule Port-Francqui. Mwaka 1956 tawi la Kabalo likatuunganisha na Ziwa Tanganyika. Reli ile ilijengwa kwa jasho la watu wengi wasioulizwa kama wanataka, na sitaisifu kwa hilo. Lakini tazama ubavu wa wagoni. Uzito wake ikiwa tupu umeandikwa kwa rangi, na uzito wa mwisho wa mzigo umeandikwa pia. Mimi nilijifunza kusoma tarakimu kubwa pale stesheni, kabla ya kukalia benchi la shule. Mtoto wa Kamina alijua kwamba chuma nacho kina mwisho wake, na kwamba mwisho huo huandikwa mahali pa wazi.

Pine pia imeandikwa. Baada ya namba za ukubwa, ubavuni kuna namba kama 112/110 na herufi moja. Herufi ni ya mwendo. 112 maana yake pine moja inabeba kilo 1,120, ikiwa na upepo wake kamili. 110 ni kilo 1,060 kwa kila pine, pale pine mbili zinapofungwa pamoja upande mmoja. Sasa piga hesabu. Pikapu tupu ina kilo 2,000, na 900 kati yake ziko nyuma. Pakia magunia 20 ya mahindi, kila moja kilo 100. Jumla ni kilo 4,000, na pine nne zinaruhusu 4,480. Shofere anaridhika. Lakini mahindi hayakai kwenye injini. Karibu kilo 1,900 zinalemea nyuma, na pamoja na zile 900 zinakuwa 2,800, wakati pine mbili za nyuma zinaishia 2,240. Kila moja imezidishiwa kilo 280, karibu magunia matatu, na bado hatujahesabu akina mama wanaopanda juu ya mzigo.

Upepo ndio unaobeba. Mpira ni mfuko wake. Upepo ukipungua au mzigo ukizidi, ubavu unakunjika kila gurudumu linapozunguka, na kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa huzunguka zaidi ya mara 6 kila sekunde. Kukunjika huko ndiko kunakoleta moto na kuusaga mpira ukawa ule unga mweusi. Kuongeza rezori, yaani springi, hakusaidii: gari litasimama wima, pine itabeba kilo zile zile. Wala usitoe upepo pine ikiwa ya moto. Pima asubuhi, kabla ya kuondoka.

Tuliona katika sehemu ya pili jinsi pine ya upepo ya Dunlop, ya 1888, ilivyoongeza njaa ya mpira, na mikono ya watu wa Kongo ikakatwa chini ya Mfalme Leopold II wa Ubelgiji. Nchi iliyoulipia mpira namna ile haipaswi kuulipia tena kwa vichwa vya abiria kandokando ya njia ya Kaniama.

Ninachoomba ni kitu kidogo. Kila pikapu inayopakia sokoni iandikwe mlangoni, kwa Kiswahili na Kiluba, uzito wake ikiwa tupu na mwisho wa mzigo wake, ili hata mama mwenye gunia moja aweze kuhesabu kabla ya kupanda. Wagoni zilizosimama stesheni kwetu zinaonyesha namna ya kuandika. Mwenye pikapu aende akazitazame wiki hii, kisha anunue kopo la rangi nyeupe.