Mgonjwa Anapobadilika Tabia

(Muziki unashuka)

MTANGAZAJI: Leo tunazungumza na wewe unayemuuguza mtu mwenye ugonjwa wa neva za mwendo, ule ambao madaktari huuandika ALS.

Katika ugonjwa huu, neva zinazopeleka amri kutoka kwenye ubongo na uti wa mgongo hadi kwenye misuli hufa kidogo kidogo. Mkono unaanza kudondosha kikombe, mguu unaburuta, maneno yanatoka mazito. Baadaye kumeza na kupumua huwa kazi. Hauambukizi, hata mkila sahani moja. Dawa ya kuuponya haijapatikana, lakini matunzo mazuri hupunguza mateso.

Zamani ilisemwa kwamba ugonjwa huu hula mwili na kuiacha akili salama. Sasa inajulikana kwamba karibu nusu ya wagonjwa hupata mabadiliko ya fikra au tabia, kwa wengi madogo, kwa wachache makubwa sana. Sehemu ya mbele ya ubongo, inayotusaidia kujizuia, kupanga mambo na kuhisi uchungu wa mwenzetu, nayo huguswa.

Hapo ndipo nyumba huingia mgogoro. Baba aliyekuwa wa kwanza kuulizia watoto sasa anakaa tu, mtoto analia homa naye hageuki. Mama mwenye haya anamtukana mkwe wake mbele za watu. Mwingine anataka sukari tu, au anajaza tonge juu ya tonge kabla hajameza la kwanza. Mwingine anashikilia jambo moja kutwa nzima, humtoi hapo. Majirani wanasema amerogwa, ndugu wanasema ana kiburi, nawe moyoni unasema hanipendi tena. Kabla ya kuhukumu, mpime.

Mwaka 2014, watafiti wa Edinburgh, kule Uskoti, walichapisha kipimo kifupi kwa ajili ya wagonjwa hawa. Mgonjwa hujibu maswali kwa dakika 15 hadi 20, kwa kusema au kwa kuandika, kwa kuwa wengine sauti imekwisha. Kisha anaulizwa anayemtunza: Je, amepoteza hamu ya mambo? Anashindwa kujizuia? Hajali tena hisia za wengine? Anarudiarudia jambo? Ulaji wake umebadilika? Kukosa hamu ndiko huonekana zaidi.

Mtunzaji huulizwa peke yake, na hilo ni muhimu kuliko inavyoonekana. Mara nyingi mgonjwa mwenyewe haoni kwamba amebadilika, na mke hawezi kumsema mumewe akiwa amekaa pale. Kwa hiyo ukienda kliniki, omba kuzungumza na mhudumu faraghani. Hata kama hawana kipimo hicho, mweleze alivyokuwa kabla ya kuugua, alivyo sasa, na ilianza lini. Kinachotafutwa ni mabadiliko. Aliyekuwa mkimya tangu ujana si mgonjwa kwa ukimya wake.

Usichanganye mambo, lakini. Asiyeinuka kwa sababu miguu imeisha nguvu hajapoteza hamu. Muulize kama angependa kwenda. Wengine hucheka au kulia bila kuweza kujizuia, hata pasipo huzuni: hiyo ni hali nyingine, nayo ina dawa. Huzuni ya mtu aliyekimbia vita na kuzika ndugu nayo hufanana na kutojali. Akiamka na maumivu ya kichwa na kusinzia mchana, huenda hapumui vya kutosha usiku. Na akichanganyikiwa ghafla, mpeleke kliniki siku hiyo hiyo. Inaweza kuwa malaria au maambukizi mengine.

Nyumbani, usibishane naye. Mpe swali moja kwa wakati, chai au uji, siyo "unataka nini?" Kama anagawa vitu ovyo, kadi ya mgao ishikwe na mtu mwingine wa familia mnayemwamini, na mkubaliane mapema, wakati bado anaelewa. Waambie watoto kwamba ni ugonjwa unaosema. Na kwa yule anayejaza mdomo, weka chakula kidogo kidogo kwenye sahani, akae wima, na mtu abaki naye mpaka amalize, kwa maana anaweza kupaliwa hadi kufa.

(Muziki unapanda)