Jibu Lililopatikana na Jibu Lililo Halali: Juu ya Milinganyo ya Logi

Katika makala haya mafupi twakusudia kueleza kwa Kiswahili jambo ambalo wanafunzi wa Likasi hufundishwa kwa Kifaransa, nalo huwapotezea alama katika mitihani: uhakiki wa majibu ya milinganyo ya logi. Neno logarithimu lilibuniwa na Mskoti John Napier, aliyechapisha majedwali yake mwaka 1614, kutokana na maneno mawili ya Kiyunani yenye maana ya uwiano na namba.

Logi ya namba ni kipeo ambacho kizio hupandishwa ili kuipata namba hiyo. Kwa kuwa 10² = 100, logi ya 100 kwa kizio 10 ni 2. Kizio 10, kwa kipeo chochote kile, hakizai sifuri wala namba hasi. Kwa hiyo, miongoni mwa namba halisi, hizo hazina logi.

Tuchukue mlinganyo ufuatao:

log x + log (x − 3) = 1

Jumla ya logi ni logi ya zao. Hivyo x(x − 3) = 10, yaani x² − 3x − 10 = 0, au (x − 5)(x + 2) = 0. Twapata 5 na −2. Tukiweka 5, log 5 + log 2 = log 10 = 1; mlinganyo watimia. Tukiweka −2, twadaiwa logi ya −2 na ya −5, ambazo hazipo. Jibu ni 5 peke yake.

Je, −2 imetoka wapi, ilhali hakuna kosa la hesabu? Zao la −2 na −5 ni 10, namba chanya; kuziunganisha logi kumezificha hasi mbili. Hapa mwanaisimu ana la kusema: hatua ile husomwa "ikiwa, basi", wala si "ikiwa na ikiwa tu". Kila mkaaji wa Panda ni mkaaji wa Likasi, bali si kila mkaaji wa Likasi ni wa Panda.

Hata hivyo, jibu hasi si lazima liwe batili. Mlinganyo log (2 − x) = 1 hutoa x = −8, nalo ni halali, kwani 2 − (−8) = 10. Kinachohakikiwa ni kilichomo ndani ya logi, si x yenyewe.

Kile ambacho Kifaransa hukiita "condition d'existence" twapendekeza kiitwe "sharti la kuwapo", nalo liandikwe kabla ya hatua ya kwanza: hapa, x > 3. Anayeanza na sharti hatadanganywa na hesabu iliyo sahihi.