Johnny Walker: mulevi wa sinema ya India ambaye hakunywa pombe

Kwa miaka mingi, watu wa India walimujua kama mulevi. Alitembea akiyumbayumba, ulimi ukiwa muzito, macho yakiwa nusu yamefungwa, na ukumbi muzima wa sinema ulicheka. Hata jina lake, Johnny Walker, lilikuwa jina la wiski. Lakini yeye mwenyewe, sawa na watu waliomujua kwa karibu, alisema kwamba hakuwa mutu wa kunywa pombe.

Jina alilopewa na wazazi ni Badruddin Jamaluddin Kazi. Alizaliwa katika miaka ya 1920 huko Indore, muji wa katikati ya India, katika jamaa ya Kiislamu yenye watoto wengi. Baba yake alikuwa mufanyakazi wa kiwanda cha nguo. Kiwanda hicho kilipofungwa, jamaa yote ilihamia Bombay, muji ambao leo unaitwa Mumbai.

Kijana Kazi alikuwa ameacha masomo mapema. Aliuza barafu, matunda na mboga barabarani ili kusaidia nyumbani. Kisha akapata kazi katika bisi za muji: kukata tikiti na kuita wasafiri, kazi ambayo huko Goma na Bukavu inafanywa na konvoyeri.

Ndani ya bisi hiyo ndimo alianza kuchekesha watu. Alitangaza vituo kwa sauti za mizaha na kuiga namna watu mbalimbali wanavyosema. Hakufanya hivyo kwa kupoteza wakati. Alitumaini kwamba siku moja mutu wa sinema atapanda na kumuona.

Siku hiyo ilifika. Balraj Sahni, muchezaji wa filme ambaye wakati huo alikuwa anaandika hadisi ya filme Baazi, alipendezwa naye. Kulingana na namna habari hiyo inavyosimuliwa, Sahni alimutuma aende mbele ya Guru Dutt, muongozaji wa filme hiyo, na kujifanya mulevi. Alifanya hivyo vizuri sana. Guru Dutt alimupa kazi, na pia akamupa jina jipya, jina la wiski inayojulikana sana. Baazi ilitoka mwaka wa 1951.

Tangia hapo, wawili hao walifanya kazi pamoja katika filme nyingi: Aar Paar (1954), Mr. & Mrs. '55 (1955), Pyaasa (1957) na Kaagaz Ke Phool (1959). Katika filme C.I.D. ya mwaka wa 1956, ambayo Guru Dutt aligaramia, Johnny Walker alikuwa mwizi wa mifukoni. Katika Pyaasa, hadisi ya huzuni ya mutunga mashairi asiyesikilizwa na watu, alikuwa mutu wa kukanda watu kichwa kwa mafuta barabarani. Wimbo wake wa kuita wateja, ulioimbwa kwa sauti ya Mohammed Rafi, unaimbwa mpaka leo.

Watu hao wa barabarani hakuwaiga kutoka mbali, kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa ametafuta chakula katika barabara hizo. Pengine ndiyo sababu watu masikini walicheka pamoja naye bila kujisikia kwamba wanachekwa.

Mwaka wa 1958 alicheza katika Madhumati, filme ya Bimal Roy, na akapata zawadi ya Filmfare. Zawadi ingine ya Filmfare, ya muchekeshaji bora, aliipata kwa sababu ya Shikar, filme ya mwaka wa 1968. Alioa Noor, dada ya Shakila, muchezaji wa filme mwenye kujulikana. Na kwa kuwa yeye hakusoma sana, alituma watoto wake wanaume wasome Marekani.

Lakini mambo yalibadilika. Guru Dutt alikufa mwaka wa 1964, akiwa na miaka 39 tu. Kisha, katika miaka ya 1970, wachezaji wakubwa walianza kuchekesha watu wao wenyewe, na nafasi ya muchekeshaji ikapunguka. Mizaha ya matusi nayo iliongezeka. Johnny Walker hakuifuata. Alijivunia kwamba katika filme zake nyingi, wachunguzi wa filme wa serikali hawakukata hata neno lake moja, kwa sababu alijua watu wanakuja kwenye sinema pamoja na wake na watoto wao. Pole pole, alipunguza kazi.

Kabla ya hapo, mwaka wa 1971, alicheza katika Anand, filme ya Hrishikesh Mukherjee. Mugonjwa wa kansa, ambaye anajua kwamba atakufa karibuni, anaita mutu asiyemujua kwa jina la uongo kana kwamba ni rafiki wa zamani. Wengine wanashangaa na kwenda zao. Johnny Walker, akiwa Issa Bhai, anakubali mchezo na kujibu kama rafiki wa kweli. Kuanzia hapo, wanakuwa marafiki.

Kisha kukapita muda murefu bila kumuona sana. Mwaka wa 1997, Kamal Haasan alimuomba arudi kwa ajili ya Chachi 420. Muzee alikubali, na katika filme hiyo ya mwisho akacheza tena mutu mwenye kupenda chupa. Alikufa Mumbai tarehe 29 Julai 2003.