Sensa ya Kuvu kwenye Magogo ya Usambara

Ukipita msitu wa Amani, Usambara Mashariki, baada ya masika, usiruke tu gogo lililolala njiani. Chuchumaa, uchungulie upande wa chini, ambako unyevu haukauki upesi. Utakuta utando mweupe mwembamba kama chokaa iliyopakwa ukutani, na pembeni yake uyoga mgumu wenye vitundu vidogo vinavyohitaji lenzi. Anayetazama juu tu huondoka na orodha pungufu.

Uyoga ni tunda. Kuvu yenyewe ni nyuzi zilizopenya ndani ya mti, zikitoa vimeng'enya vinavyouyeyusha. Kuvu nyingine hula hata lignini, kitu kinachoupa mti ugumu, na mti hubaki mweupe, laini, wenye nyuzinyuzi. Nyingine hula selulosi na kuiacha lignini. Hapo mti huwa wa kahawia, hukatika vipande vya mraba, na ukiufikicha unakuwa unga. Ndivyo chakula kilichofungiwa kwenye gogo kinavyorudi udongoni, miche ikakipata.

Ili kuzihesabu kuvu hizo, watafiti huvuta kamba yenye urefu uliopimwa, kisha hukagua kila gogo linalokutana nayo: ni mti gani, una unene gani, umeoza kiasi gani. Kuoza hupimwa kwa kisu: kinagoma, kinaingia kidogo, au kinazama hadi mpinini. Sampuli hutiwa kwenye bahasha ya karatasi, kamwe si mfuko wa nailoni, maana humo huoza kabla ya kufika maabara. Rangi na harufu huandikwa papo hapo, kwani sampuli ikikauka hubadilika. Siku hizi hutoboa gogo pia na kupima DNA katika unga wake. Kuvu ambazo hazijatoa uyoga nazo hujulikana.

Mwaka 1980, Leif Ryvarden wa Norway na Inger Johansen walichapisha kitabu kuhusu kuvu za vitundu za Afrika Mashariki, wakakiita cha awali. Walisema kweli. Makadirio ya mwaka 2017 yalitaja aina milioni 2.2 hadi 3.8 za kuvu duniani, na zilizopewa majina hazifiki 200,000.

Kuvu hizi zinahitaji magogo yabaki msituni. Kuni ni lazima jikoni, na hakuna wa kumlaumu mama anayeziokota. Lakini kijiti hukauka upesi. Gogo nene hushika maji na kuoza kwa miaka mingi, likizipa nafasi kuvu za kila hatua ya kuoza. Ndugu zangu mnaoishi kando ya misitu, pale mnaporuhusiwa kuokota kuni, chukueni matawi. Magogo manene yaacheni yaozee hapo hapo.