Makofi hayaponyi jeraha la dhamiri

Kila Alhamisi saa mbili usiku, tangu mwisho wa Machi hadi mwisho wa Mei 2020, Waingereza walitoka milangoni kuwapigia makofi wauguzi na madaktari. Ndugu zetu wengi walioko huku walikuwa miongoni mwa waliopigiwa, maana kazi za hospitali na za nyumba za wazee ndizo zinazowalisha. Lakini wapo ambao sifa zile ziliwachoma.

Muuguzi anayejua kuwa mtu hastahili kufa peke yake, kisha akalazimika kuwazuia watoto wa mgonjwa mlangoni na kumshikia mzee simu ili waagane, hakuumizwa na hofu ya virusi tu. Alitii amri ambayo moyo wake uliikataa. Ukimwita shujaa, anainamisha macho.

Wataalamu wanaliita jeraha la dhamiri. Daktari wa akili Jonathan Shay, aliyewatibu mjini Boston askari waliopigana Vietnam, aliandika mwaka 1994 kwamba kiini chake ni usaliti: mwenye mamlaka kuikanyaga haki wakati roho za watu ziko hatarini. Mwaka 2009 Brett Litz na wenzake waliongeza yale ambayo mtu ameyatenda mwenyewe, ameshindwa kuyazuia au ameyashuhudia.

Sisi wa Afrika Mashariki hatuhitaji kwenda Vietnam kutafuta mfano. Mwaka huohuo wa 1994, Jenerali Roméo Dallaire wa Kanada aliongoza kikosi cha Umoja wa Mataifa nchini Rwanda. Januari 11 aliiarifu New York kuwa silaha zimefichwa Kigali na kwamba anakusudia kuzikamata. Akakatazwa. Mauaji yalipoanza Aprili aliomba askari zaidi. Aprili 21 Baraza la Usalama likaamua abakiwe na 270. Watu zaidi ya 800,000 wakauawa kwa muda wa siku 100 hivi. Dallaire na wachache waliobaki waliokoa maelfu, lakini aliporudi kwao alijaribu kujiua zaidi ya mara moja, na mwaka 2000 akaacha jeshi kwa sababu ya maradhi. Umoja wa Mataifa ulikiri kushindwa kwake Desemba 1999, akiwa tayari ameshaumia.

Aliyetishwa na bomu hushtuka mlango ukibamizwa. Mwenye jeraha hili huona aibu, huwachukia wakubwa wake, hujitenga hata na wanawe, na wengine huacha kusali. Vidonge vya usingizi vitamlaza, lakini havijibu swali analoamka nalo. Anachohitaji kwanza, kwa maoni yetu, ni aliyetoa amri aseme wazi kwamba amri ilikuwa yake.

Tume ya uchunguzi wa Uviko hapa Uingereza ilisikiliza habari za hospitali mwaka 2024, na za nyumba za wazee mwaka 2025. Ndugu zetu wa zamu za usiku, ambao simu za nyumbani huwauliza pesa kabla ya hali, wengi wao bado hawajamsimulia mtu.