Padi Haipakwi Mafuta

Wiki iliyopita niliulizwa tena. Kijana anayepiga saksafoni kwenye kwaya ya kanisa moja hapa Dar es Salaam alinipigia simu usiku: "Shikamoo fundi. Sauti za chini zimegoma kabisa. Nipake mafuta gani kwenye padi?" Nikaitikia marahaba, nikamwuliza kama ameshapaka. Akanyamaza. Alikuwa ameshapaka mara mbili, kwanza ya cherehani, halafu ya nazi.

Swali hilo nimelisikia kwa walimu wa muziki, kwa wapigaji wa dansi wenye umri wa baba yangu, kwa mama aliyemnunulia bintiye fluti ya mtumba. Kila mmoja anakuja na mafuta yake: ya cherehani, ya nazi, ya watoto, WD-40, na yupo aliyeniletea klarineti inayonuka alizeti. Wanabishana mafuta gani ni bora. Katika miaka yote hii ni wachache sana walioniuliza swali lenye maana: pumzi yangu inavujia wapi?

Ala ya kupuliza inapogoma sauti za chini, mara nyingi sana inavuja. Basi. Saksafoni ni bomba lenye matundu zaidi ya 20, na kila tundu lina kifuniko chenye padi. Ukitaka sauti ya chini kabisa, karibu vifuniko vyote lazima vizibe kwa wakati mmoja. Nafasi ya unene wa karatasi ya kusokotea sigara, kwenye kifuniko kimoja tu cha juu, inatosha kuiua sauti ile au kuigeuza kuwa mlio wa bata. Mpigaji asiyejua hilo huanza kukandamiza vitufe kwa nguvu, anauma kipulizio, anabadilisha ridi, kile kijiti chembamba cha kwenye kipulizio, kila siku, mwishoni anaamini kwamba midomo yake haifai. Nimewaona vijana wenye kipaji wakiacha muziki kwa sababu ya tundu moja lisilozibwa, na jambo hilo linaniuma kuliko ninavyoweza kuandika.

Sasa tazama padi yenyewe. Padi ya saksafoni ni duara la sufu iliyoshindiliwa, nyuma yake kadibodi, juu yake ngozi laini. Fluti na klarineti nyingi hutumia padi iliyovikwa utando mwembamba wa utumbo wa mnyama, mwembamba kiasi kwamba ukucha unaupasua. Padi huziba kwa kukaa sawasawa juu ya ukingo wa tundu, pande zote kwa pamoja. Ikivuja, mara nyingi sababu ni moja kati ya hizi: kifuniko kimepinda, ngozi imekauka au imechanika, gundi imeachia padi ikalala upande, springi imechoka, au kile kipande kidogo cha koki, gome laini la vizibo vya chupa, kinachofanya vifuniko viwili vishuke pamoja kimedondoka. Soma tena orodha hiyo, unionyeshe sababu moja inayoondolewa na mafuta. Mafuta hayanyooshi kifuniko wala hayarudishi koki iliyopotea njiani kwenye daladala.

"Lakini fundi, mimi nilipaka na ikalia!" Najua. Ndiyo sababu imani hii haifi. Ngozi kavu ikipata mafuta inalainika, sufu iliyo chini yake inalowa na kuvimba, na uwazi uliokuwepo unajazwa kwa siku kadhaa. Jumapili sauti inatoka, mtu anawapa wenzake ushuhuda, na wenzake nao wanakwenda dukani. Kisha vumbi linanasa. Sufu iliyolowa haishiki tena umbo, inabonyea kila siku mahali papya. Ngozi inakuwa nyeusi na kukauka kama gome. Mafuta ya kupikia yanafanya zaidi ya hapo: yanachacha, yanageuka ulimbo, na kifuniko kinagandamana na tundu hadi kinahitaji kubanduliwa kwa kidole. Kwenye fluti hakuna hata hiyo Jumapili moja, utando ukishalowa mafuta padi imekwisha.

WD-40 naitaja kwa jina kwa sababu ndiyo inayoulizwa kuliko zote, na sina ugomvi nayo. Ilitengenezwa San Diego, Marekani, mwaka 1953, na jina lake linaeleza kazi yake: kuondoa maji kwenye chuma, kwa mchanganyiko uliofaulu katika jaribio la 40. Ni dawa ya chuma. Mimi mwenyewe huhitaji mafuta ya kupenya kama hayo ninapolegeza skrubu iliyoshikwa na kutu, na hapa pwani kutu haipumziki: hewa ya chumvi inakula springi za sindano na vyuma vyembamba vinavyobeba vitufe. Ila huwa napaka tone moja kwa ncha ya sindano, chuma kikiwa kimetenganishwa na padi, halafu nafuta na kuweka mafuta halisi ya mitambo ya ala. Mtu anapoelekeza kopo kwenye saksafoni nzima na kubonyeza, dawa inaingia kwenye padi zote kwa pamoja, hata zile zilizokuwa nzima. Alikuwa na padi moja mbovu. Sasa anazo zaidi ya 20.

Na gharama haiishii kwenye padi. Ala iliyopakwa mafuta lazima ivuliwe vitufe vyote, ukingo wa kila tundu usafishwe, kila kifuniko kikwanguliwe gundi na kukaushwa, la sivyo padi mpya nazo zitalowa mabaki ya zile za zamani. Kazi ya saa moja inageuka kuwa kazi ya siku kadhaa. Mteja akisikia bei ananiona mkatili.

Klarineti ndiyo inayonikera zaidi. Klarineti nzuri ni mpingo, mti tunaouita wa taifa, na mwingi hutoka kwetu, Kilwa na Lindi, mti unaohitaji miongo mingi kufikia unene wa kukatwa. Gogo linakatwa vipande, linasafiri hadi Ulaya, linakaushwa kwa miaka, linachongwa kwa usahihi wa sehemu ya milimita, linarudi hapa likiwa ala. Kisha mtu anaijaza mafuta ya alizeti kwa sababu jirani amesema mti usipopakwa utapasuka. Mpingo hupasuka kwa kubadilishiwa joto na unyevu ghafla: kutoka chumba chenye kiyoyozi kwenda juani, au kupulizwa kwa nguvu ukiwa bado wa baridi. Ipashe moto mikononi, ifute ndani kila ukimaliza. Ikipasuka, mpelekee fundi siku hiyohiyo. Ufa mdogo huzibwa kwa gundi kali na unga wa mpingo wenyewe, lakini ufa uliokwisha kunywa mafuta haushiki gundi vizuri.

Kuhusu kitufe kinachonata, hasa cha G-shapu kwenye saksafoni: kile hukaa kimefungwa muda mwingi, kwa hiyo mate hukaukia hapo, na mate ya mtu aliyetoka kunywa soda ni sharubati. Chukua karatasi nyembamba safi, iweke chini ya padi, bonyeza, achia, rudia na upande mwingine wa karatasi. Usiivute huku umebonyeza, utachana ngozi. Usiweke poda, poda na mate hutoa uji. Na piga mswaki kabla ya kupiga.

Wapo wengine wa supagluu. Padi hubandikwa kwa gundi inayoyeyuka kwa joto ili fundi aweze kupasha kifuniko na kuisogeza padi hadi ikae sawa. Supagluu inaifungia padi mahali ilipoangukia, na hapo huwa si mahali pake. Wapo pia wa kufunga mpira wa kufungia noti pale springi ilipokatika: mpira una salfa, na salfa inaifanya fedha ya fluti kuwa nyeusi.

Sasa, fundi utampataje? Swali la kwanza ninaloulizwa hapa nalo ni bovu: "Nani anapiga vizuri?" Kupiga na kutengeneza ni kazi mbili. Mpigaji hodari anaweza kuwa fundi mbaya, kwa sababu vidole vyake vimezoea kuficha mvujo bila yeye kujua. Anakandamiza, sauti inatoka, anakwambia ala ni nzima. Sonara na fundi saa wana mikono mizuri na nawaheshimu, lakini sonara aliyezoea moto wake anaweza kuyeyusha maungio ya jirani huku akiunga moja. Ufundi huu unasomewa. Kuna chuo Newark, Uingereza, na kingine Red Wing, jimboni Minnesota, vinavyofundisha kutengeneza ala za kupuliza. Kwetu wengi tumejifunza kwa kukaa karibu na mtu aliyejua, na hilo si aibu mradi mtu aweze kukueleza alikaa kwa nani na kwa muda gani.

Mwangalie anachofanya kwa dakika tano za kwanza. Fundi wa kweli hagusi bisibisi kabla ya kutafuta mvujo. Atazima taa au kuingia mahali penye giza, atashusha taa nyembamba ndani ya bomba, atafunga vifuniko kimoja kimoja kwa kidole chepesi, na pale mwanga unapochungulia ndipo penye ugonjwa. Kwenye fluti na klarineti atatumia kipande chembamba cha karatasi ya sigara chini ya padi, akivuta mbele, nyuma, kushoto, kulia, kupima kama inashikwa sawa kila upande. Mwombe akuonyeshe. Akikataa kukuonyesha, au akikutajia bei kabla hajaangalia, au akianza na kopo la mafuta, chukua ala yako, aga kwa heshima, ondoka.

Mengine haraka. Waulize wanaotunza ala za bendi za Polisi, JWTZ na Magereza. Bendi hizo zinatumia ala nyingi kwa miaka mingi na lazima yupo mtu anayezihudumia. Uliza Dhow Countries Music Academy kule Unguja, au Kenya Conservatoire of Music ukiwa Nairobi: wao hupeleka zao kwa nani? Uliza kwaya na bendi za tarumbeta za makanisa, lakini ongea na mwenye ala iliyotengenezwa zaidi ya mwaka mmoja uliopita. Ala yoyote hulia vizuri wiki ya kwanza. Anza na kazi ndogo, koki ya shingo au springi moja, kabla ya kumkabidhi padi zote. Kubalianeni kwa maandishi nini kitabadilishwa, na udai vipande vya zamani. Mwulize padi anazipata wapi na anapimaje ukubwa na unene. Anayekata padi kutoka kwenye ndala mwache. Fundi akikwambia "hii siwezi," mwandike jina, huyo utamrudia kwa anayoweza. Kama ala yako ni ile mpya ya bei rahisi ambayo vitufe vyake vinapinda kwa kidole, uliza kwanza kama kuitengeneza kutazidi bei uliyoinunulia, na uwe tayari kusikia ndiyo. Ala nzuri ya zamani inastahili hata nauli ya kuvuka mpaka.

Siku ya kuichukua, asikupigie yeye. Piga wewe, na usipige kwa nguvu. Anza na sauti ya chini kabisa, polepole, kwa pumzi ndogo kama unaongea na mtoto aliyelala, vidole vimegusa tu. Ikitoka hapo, kazi imefanyika. Ikitoka kwa kulazimisha tu, haijaisha, na una haki ya kumwambia hivyo mkiwa bado mezani, kabla ya kulipa salio.

Yule kijana alikuja Jumamosi. Nimezitoa padi zote. Za chini zilikuwa na harufu ya nazi na kadibodi zake zimelainika kama mkate uliochovywa kwenye chai. Mvujo wa asili, ule uliomfanya atafute mafuta, niliukuta kwenye kifuniko kimoja cha mkono wa kushoto: koki ya ukubwa wa punje ya mchele imedondoka. Kuibandika kungechukua dakika kumi. Ala yake itakaa kwangu hadi wiki ijayo, kwa sababu bado nasafisha.

Na mtakaokuja, njooni na vipulizio na ridi zenu wenyewe. Wengi mnaviacha nyumbani, halafu mnajaribu ala kwa kipulizio changu.