Je, Wajua? Siri Hufuatwa Nyayo Kabla ya Programu Kuendeshwa

Je, wajua ya kuwa yawezekana kubaini ni sehemu gani ya msimbo iisomayo safuwima ya mishahara au ya maradhi ya watu katika hifadhidata, ilhali programu yenyewe haijaendeshwa hata mara moja? Mnamo mwaka 1976 Dorothy Denning, mtaalamu wa Marekani, alidhihirisha kwa njia ya hisabati jinsi habari zipangwavyo kwa madaraja ya usiri, na jinsi ya kuzizuia za daraja la juu zisitiririkie la chini. Na kwa kaida hiyo safuwima nyeti hutiwa alama, kisha alama hiyo hufuatwa kila thamani inaponakiliwa au kuchanganywa na nyingine, mfano wa rangi itiwayo mferejini, hata ifikapo kwenye skrini.

Taabu kubwa, kwa rai yangu, ni kile kinyota (*) cha SQL, lugha ya kuulizia hifadhidata, kiamurucho safuwima zote ziletwe pasipo kutajwa hata moja: neno “mshahara” halionekani popote katika msimbo, na mhakiki hana budi kuurejea muundo wa jedwali apate kujua kilichochukuliwa. Maulizo yaungwayo vipande vipande wakati programu ikiendeshwa, hayo humtatiza hata aliye hodari.